Honi ya Mlimani

Aliyewahi kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto anajua kazi ya honi. Barabara imejikunja ubavuni mwa Usambara, mwamba upande huu, bonde upande ule, na kuna kona ambazo huoni kinachokuja mpaka mmekutana uso kwa uso. Unapiga honi kabla ya kuingia, unasikiliza. Ukijibiwa, unabana kushoto na kusubiri. Kwa hiyo, msikilizaji, simlaumu mwenye Land Cruiser anayesema honi iliyokuja na gari haimtoshi. Huko porini vumbi limetanda, dizeli inanguruma, na lori lililo mbele halimsikii.

Ninachokipinga ni kuishusha honi ya mlimani mpaka mlangoni pa shule.

Jumanne asubuhi nilikuwa nimemshika mkono mjukuu wangu, tunasubiri kuvuka. Gari lililoinuliwa, la matairi makubwa, likaja likasimama hatua moja tu kutoka tulipokuwa, na dereva akabonyeza honi. Mtoto hakulia. Aliziba masikio kwa viganja, akachutama pale pale kwenye changarawe, mdomo wazi. Nilipotazama, nikaona tarumbeta mbili nyekundu juu ya bampa, midomo yake imelingana sawasawa na kichwa cha mtoto. Tangu siku hiyo, akiona gari refu, anaziba masikio kabla halijafika.

Kanuni ya 28 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa Ulaya na Japani, inataka honi ya gari ikipimwa mita 7 kutoka mbele isizidi desibeli 112. Na sauti, kila umbali unapopungua kwa nusu, hupanda kwa desibeli zipatazo 6. Honi yenye 112 kwenye mita 7, kwa hesabu hiyo, humfikia aliye mita moja ikiwa karibu na 129, na sikio huanza kuuma kwenye 120 hivi. Hiyo ni honi iliyo ndani ya kanuni. Hizi za kuongeza, maboksi yake hujisifu hadi 150! Na vile vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti, vikishakufa havioti tena.

Halafu kuna umeme wake. Honi ya upepo, kama zile tarumbeta, ina kompresa ndogo ya kusukuma hewa, nayo mara nyingi hula ampea 15 hadi 20, mara kadhaa ya honi ya kawaida. Fundi mwenye haraka huichomeka kwenye nyaya zile zile nyembamba, na fyuzi ikiungua anaweka kubwa zaidi. Nimeuona waya uliofanyiwa hivyo: plastiki imeyeyuka, shaba iko uchi, pembeni yake bomba la mafuta. Fundi anayejali huvuta waya mnene kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi jirani na betri hiyo hiyo, akafunga rilei, na midomo ya tarumbeta akaiinamisha kidogo ili maji ya mtoni yasituame ndani.

Basi nawaomba, wenye magari hayo, mkienda kwa fundi, mwongezeeni kazi moja. Honi ya kiwandani ibaki pale pale usukanini. Ile kubwa ipewe swichi yake kwenye dashibodi, mbali na kiganja chenye hasira ya foleni. Mlimani honi hupigwa kabla ya kona, muda wa kunyoosha mkono upo. Mjini, katika muda huo huo, utakuwa umeshaona kama aliye mbele yako ni lori au ni mtoto.