Maziwa Katika Nchi Kavu ya Kenya



Anayeifahamu Kenya kwa chai ya Kericho na maziwa ya Nyandarua aweza kudhani kuwa nchi nzima ya jirani zetu hao ni ya kijani. Kumbe zaidi ya asilimia 80 ya ardhi yake ni kame au yenye mvua haba. Ukivuka Isiolo kuelekea Marsabit, Wajir na Mandera, waingia katika nchi ambamo maziwa ndiyo chakula chenyewe. Mtoto wa huko akiyakosa, aghalabu hana cha kushika mahali pake.

Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwanzo wa mwaka 2023, misimu 5 ya mvua ilipungua mfululizo katika nchi hiyo kavu. Mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo ng'ombe wengi, na kabla ya kufa walikwisha kukauka chuchu kwa miezi mingi.

Baada ya misiba ya namna hii husikika shauri lile lile: wafugaji wapunguze mifugo, wanunue ng'ombe wachache wa kisasa wenye maziwa mengi. Shauri hilo lina ukweli wake kule Kiambu, kama lilivyo na ukweli hapa kwetu Rungwe na Hai. Likibebwa vivyo hivyo mpaka Wajir, laweza kumfilisi mtu. Ng'ombe wa Kizungu mwenye maziwa mengi aweza kuhitaji lita 60 za maji kwa siku, na pengine zaidi. Hutaka majani mengi mazuri, kivuli na dawa ya kupe. Mahali ambapo kisima kiko mwendo wa kutwa nzima, ng'ombe huyo ni mdeni asiyelipa.

Tija ya maziwa katika nchi kavu haipimwi kwa debe la mwezi wa Mei, wakati hata mbuzi wa maskini ana maziwa. Hupimwa kwa kikombe cha mwezi wa Septemba. Na kwa kipimo hicho, mnyama anayestahili kutazamwa kwanza kaskazini mwa Kenya ni ngamia. Hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa nchi hiyo ina ngamia zaidi ya milioni 4. Ngamia hula majani ya miti na vichaka, ambavyo hubaki na ubichi baada ya nyasi kuisha. Huweza kukaa wiki nzima bila kunywa maji, hali ng'ombe hawezi kupita siku 2 au 3. Akizaa, huendelea kukamwa mwaka mzima na zaidi. Wasamburu, ambao tangu zamani fahari yao ilikuwa ng'ombe, wamekuwa wakijifunza kufuga ngamia kutoka kwa jirani zao Warendile na Wasomali. Si jambo dogo kwa watu kubadili mnyama wanayemwimbia.

Hata hivyo ngamia si dawa ya kila ugonjwa. Mimba yake huchukua miezi kama 13, na kwa kawaida huzaa mara moja kila miaka 2. Aliyepoteza kundi lake hawezi kuanza upya kwa ngamia bila msaada, maana bei yake ni kubwa.

Kisha kuna safari ya maziwa yenyewe, na hapa ndipo hasara nyingi hutokea. Mjini Isiolo, wanawake wa ushirika wa Anolei hukusanya maziwa ya ngamia kutoka maboma ya mbali na kuyapeleka Nairobi kwa basi, hasa Eastleigh, waliko wanywaji wengi. Mtu aweza kuongeza lita 2 kwa kila ngamia kwa jasho la mwaka mzima, kisha azipoteze njiani kwa saa 6 za jua. Maziwa husafiri katika vidumu vya plastiki. Kidumu ni chepesi, hakimwagi, na mpagazi yeyote hukibeba. Lakini mdomo wake ni mwembamba, mkono haupiti, na uchafu hubaki pembeni. Wanawake hukifukiza kwa moshi wa kuni maalumu, ujuzi wa bibi zao, nao husaidia kiasi. Kopo la chuma lenye mdomo mpana husafishika vizuri zaidi, ila ni ghali na ni zito. Mashine ya kupoza maziwa nayo yataka umeme wa uhakika. Jambo jingine ni desturi ya kuyanywa maziwa mabichi, hali ugonjwa wa kutupa mimba wa mifugo huwaambukiza wanadamu homa ya kurudiarudia. Kuyachemsha hakugharimu zaidi ya kuni chache.

Kusini, Wamasai wa Kajiado na Narok wamepita njia nyingine. Madume ya Sahiwal, ng'ombe wenye nundu waliotoka India na Pakistani, yalianza kuingia Kenya mwaka 1939, na katika miaka ya 1960 kituo cha kuwazalisha kikawekwa Naivasha. Sahiwal hafikii maziwa ya ng'ombe wa Kizungu, lakini humzidi zebu wetu mdogo, na joto halimwangushi. Walakini hata yeye hali mawe. Penye nyasi zilizokatwa na kukaushwa baada ya mvua, ndama hunyonya na mtoto hunywa. Pasipo nazo, damu bora haikuokoa kitu.

Haya yanatugusa. Longido na Simanjiro ni nchi moja na Kajiado, mpaka tu ndio uliopita katikati, na ukame wa mwaka 2009 uliwaua ng'ombe wa pande zote mbili bila kuuliza pasi. Mpwapwa tulizalisha aina yetu ya ng'ombe kwa ajili ya nchi kavu ya kati, na idadi yake imebaki ndogo mno. Bwana mifugo anayekwenda Longido kuhimiza maziwa aanze kwa kuuliza nyasi za Septemba zimehifadhiwa wapi, na nani atayanunua maziwa ya asubuhi kabla ya saa 4.