Jeki si nguzo

Mjini hapa hakuna ombi jepesi kama "nipige jeki". Kijana akipungukiwa kodi ya chumba humwendea mjomba wake: "Mjomba, nipige jeki kidogo." Mama lishe akiishiwa mtaji wa mchele humwambia mwenzake wa upatu: "Shoga, nipige jeki mpaka Jumamosi." Mwombaji na mwombwaji wote wanaelewana, wala hakuna anayeuliza maana ya neno lenyewe.

Neno tunalijua. Nina mashaka kama chombo chenyewe tunakijua. Na kwa sababu ya kutokijua, kila siku wapo vijana wetu wanaoingia uvunguni mwa magari kandokando ya barabara na kulala chini ya tani kadhaa za chuma, wakiwa hawana ngao isipokuwa hiyo jeki moja. Kwa hiyo leo naomba tuzungumze habari ya jeki, ile ya chuma. Aliyenifundisha si mhandisi wala mwalimu wa chuo. Ni mzee mmoja wa Goweko.

Kwa msikilizaji asiyefika huko, Goweko ni stesheni ya Reli ya Kati, mashariki ya mji wa Tabora. Ukitoka Dar es Salaam kwa garimoshi unaipita Goweko, halafu Igalula, ndipo uingie Tabora. Ni nchi ya misitu ya miombo, ya asali na tumbaku, na mahali pengi ardhi yake ni mchanga. Huo mchanga tuuweke akilini, maana tutaurudia.

Hebu kwanza tujiulize: kabla ya reli, mzigo mzito ulipitaje katika nchi ile? Jibu ni kwamba mzigo mzito haukupita. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita upande huo huo wa mashariki, kwa kituo cha Tura, ambacho nacho siku hizi ni stesheni ya reli. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba nguo, shanga na nyaya kutoka pwani, na pembe za ndovu kwenda pwani, kichwani na begani. Mzigo wa kawaida wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu. Furushi lake liliitwa mtumba, na hilo ndilo neno tunalolitumia hadi leo tukienda kununua mitumba Ilala au Karume.

Maana yake ni kwamba kila kitu kilichoingia bara kilipaswa kukatwa kikalingana na kichwa cha mtu. Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1874 na mashua yake Lady Alice, mashua hiyo ilikuwa imegawanywa vipande ili watu waweze kuibeba. Kisichogawanyika kilibaki pwani.

Halafu ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Hapo ndipo vitu visivyobebeka kichwani vilipoanza kupita Goweko: injini za garimoshi, vyuma vya madaraja, na vipande vya ile meli Graf von Götzen, ambayo baadaye ilipewa jina la Liemba na kufanya kazi miaka mingi katika Ziwa Tanganyika. Kitu cha tani tano hakimwulizi mpagazi kama ana nguvu. Basi pamoja na reli ikaja jeki.

Jeki inafanya nini? Watu wengine hudhani ina nguvu zake yenyewe. La hasha! Jeki haina nguvu hata chembe. Inachukua nguvu ya mkono wako, inaibadilisha, na bei yake ni mwendo. Tuchukue mfano wa jeki ya mafuta, ile fupi nene ambayo kila lori hutembea nayo. Ndani yake mna pistoni mbili, ndogo na kubwa, na katikati yake ni mafuta. Kama uso wa ile kubwa ni mara 20 ya uso wa ile ndogo, basi kila kilo unayoikandamizia pistoni ndogo hutokea kilo 20 kwenye ile kubwa. Kanuni hiyo ilielezwa na Pascal wa Ufaransa katika karne ya 17, na Mwingereza Joseph Bramah akaitumia kutengeneza mashine ya kugandamiza, aliyoipatia hataza mwaka 1795. Sasa ongeza mpini wa jeki, ambao nao unazidisha nguvu ya mkono, tuseme mara 10. Kumi mara ishirini ni 200. Ukisukuma kwa uzito wa kilo 25, tayari unainua tani tano, ukiacha ile kidogo inayoliwa na msuguano.

Lakini deni lazima lilipwe. Ili lori lipande sentimita moja, mkono wako sharti utembee sentimita 200. Ndiyo maana utingo anapampu mpaka jasho linamtoka na lori linapanda kama kinyonga. Hakuna cha bure pale.

Na zaidi ya hapo, tazama lori lile limesimama juu ya nini. Limesimama juu ya mafuta yaliyozuiwa na kipande cha mpira na valvu ndogo. Mpira ukichakaa, au chembe ya mchanga ikiingia kwenye valvu, mafuta yanapenya, na mzigo unaanza kushuka. Pengine utashuka polepole usione, pengine utashuka ghafla. Hata jeki ikiwa mpya kabisa, kitako chake ni kidogo kama sahani ya chai, na uzito wote umelundikana hapo.

Sasa nirudi Goweko. Miaka kadhaa iliyopita nilipata lifti katika lori la tumbaku lililokuwa likielekea Tabora. Jua limeanza kuinama, tairi ya nyuma ikapasuka, stesheni ikiwa karibu kabisa. Dereva alikuwa na haraka. Utingo, kijana ambaye sidhani kama alikuwa ametimiza miaka 20, akachomoa jeki, akaikita mchangani chini ya ekseli, akaanza kupampu. Lori likapanda. Tairi ya akiba ilikuwa imefungwa chini ya chesisi, kwa hiyo kijana akavua shati, akalala chali, akaanza kujisukuma kuingia ndani.

Akatokea mzee mmoja akikokota baiskeli. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, akaegemeza baiskeli kwenye mti. Hakuuliza tunatoka wapi. Aliinama akaishika miguu ya yule kijana.

"Mwanangu, toka kwanza."

"Mzee, nachukua tairi tu, dakika moja."

"Hiyo jeki umeiweka juu ya nini?"

"Si juu ya ardhi, mzee!"

"Ardhi ya hapa naijua mimi. Toka."

Dereva alianza kunung'unika kwamba tunacheleweshwa. Mzee hakumjibu. Alituambia alifanya kazi miaka mingi katika genge la reli, na kwamba tukimsaidia kutafuta gogo tutaondoka upesi kuliko tukibishana. Ndugu msikilizaji, nani angebishana na mzee wa namna ile? Tukaenda. Tukapata kipande cha gogo gumu, mawe manne makubwa na kipande cha ubao. Mawe akayaweka mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini. Gogo akalisukumia chini ya ekseli, kando ya jeki, akalikaza kwa kabari za mti. Ubao ulikuwa wa kuwekwa chini ya jeki, ili kitako kisizame, lakini hatukuwahi kuutumia. Alipokuwa anajipangusa mikono, jeki ililala upande mmoja taratibu kama mtu mwenye usingizi, mchanga ukaimeza, na lori likashuka.

Likashukia gogo. Gogo likalia, likanyamaza. Hapakuwa na mtu uvunguni.

Yule kijana alikaa chini pale pale mchangani, shati mkononi, hakusema neno. Dereva naye kelele zilimwisha. Mzee tu ndiye aliyeendelea kuzungumza, kama vile hakuna lililotokea, na maneno yake ndiyo niliyoyachukua mpaka leo.

Alisema katika genge la reli jeki ilikuwa kazi yao ya kila siku. Mvua ikinyesha, tuta linatitia, reli inalala upande mmoja, garimoshi linayumba. Basi wanaweka jeki chini ya reli, wanainua kadiri ya vidole viwili au vitatu, mnyapara anapiga magoti mbali kidogo na kuitazama reli kwa jicho moja mpaka aone imenyooka. Hapo ndipo kazi inapoanza. Wengine wanashindilia kokoto chini ya mataruma kwa sururu, upande huu na upande huu, mpaka taruma likigongwa linatoa mlio wa kushiba. Kisha jeki inatolewa. "Jeki haikai," alisema. "Jeki inainua, kokoto inashika. Ukitoa jeki kabla ya kokoto, umefanya kazi ya bure. Na garimoshi likikukuta hujatoa jeki, umefanya kazi ya msiba." Ndiyo sababu, akaeleza, baadhi ya jeki za reli zina kishikizo cha kuziangusha mara moja, garimoshi likisikika.

Jeki inainua, kokoto inashika. Sijapata kusikia mafunzo ya ufundi yaliyo mafupi kuliko hayo.

Sasa turudi mjini kwetu. Pita kwenye gereji yoyote bubu, chini ya mwembe au kando ya mtaro. Utaona gari limeinuliwa kwa jeki, gurudumu limetolewa, na miguu ya fundi imejitokeza nje kama ya mtu aliyelala usingizi. Chini ya gari hakuna kitu kingine. Au kama kipo ni tofali la saruji, na tofali la saruji ni afadhali lisingekuwapo, maana linakupa moyo wa uongo. Tofali linahimili ukuta uliotulia. Likielemewa na ncha ya chuma hupasuka bila taarifa.

Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, nayo ni sheria nzuri. Lakini sheria haiwezi kuingia uvunguni na fundi. Anayeweza ni mwenye gari aliyesimama pembeni akitazama saa yake. Sisi wenye magari, na sisi abiria wa daladala na malori, ndio tunaowaharakisha vijana hawa. Tunasema "fanya haraka bwana", na kijana kwa kutupendeza anaruka hatua ya gogo.

Hatua zenyewe hazizidi tano. Gari lisimame mahali tambarare, lifungwe breki ya mkono. Magurudumu yanayobaki chini yakingwe kwa mawe au kabari. Chini ya jeki iwekwe mbao pana, hasa penye mchanga au lami iliyolainika kwa jua. Uzito ulioandikwa kwenye jeki uheshimiwe, kwani jeki ya tani mbili haikutengenezwa kwa ajili ya lori. Na la mwisho, ambalo ndilo la kwanza: asiingie mtu chini mpaka gari liwe limekalia stendi ya chuma au gogo imara. Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Kwa gari, kabla ya kuinama sharti aegemeze.

Gogo halina bei. Ubao mtu anaweza kuuokota palipobomolewa nyumba. Stendi za chuma mchomeleaji yeyote mwenye akili yake anaweza kuzitengeneza, na mwenye gereji akazilipa kwa kazi ya siku chache. Kwa hiyo nasikitika kusema kwamba tatizo letu si umaskini. Tatizo ni kuiona jeki kama nguzo.

Na pengine, ndugu msikilizaji, hata tunapopigana jeki za fedha tunakosea hapo hapo. Tunampa kijana mtaji, anapanda vidole viwili, tunapiga makofi na kuondoka. Hatumwulizi kokoto iko wapi: hesabu zake anaziandika wapi, mali yake anaiuza kwa nani, mwezi wa mvua atakula nini. Jeki ikitoka anarudi chini, nasi tunasema hana bahati.

Lakini leo ombi langu ni dogo zaidi ya hilo. Wiki hii, ukimwona fundi analala chini ya gari lako, mwulize kama alivyouliza yule mzee wa Goweko: hiyo jeki umeiweka juu ya nini? Akikuambia ni dakika moja tu, mshike miguu.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane tena wiki ijayo.