Saratani ya Kongosho na Dhana ya Sumu



Hapa kwetu pwani ya ziwa, mtu akikonda ghafula, macho yakawa manjano, na tumbo likamwuma hata mgongoni, neno la kwanza litokalo vinywani mwa watu ni kwamba amelishwa sumu. Kisha huulizana: alikula kwa nani? Nimepata kumwona mjane ambaye mumewe alifariki kwa saratani ya kongosho, na kabla eda haijaisha shemeji zake walikuwa hawali tena chakula cha mkono wake.

Basi natuyatazame maradhi yenyewe. Kongosho ni kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Hutoa maji ya kuyeyushia chakula, na insulini ya kutawala sukari ya damu. Katika kila chembe ya mwili imo protini iitwayo KRAS, iliyojishika upande wa ndani wa utando wa chembe. Kazi yake ni kupokea habari itokayo nje na kuifikisha ndani, kwamba wakati umewadia wa kukua na kugawanyika. Mfano wake ni taa ya wavuvi wetu wa ndagala: huwaka wakati wa kazi, kazi ikiisha huzimika. Lakini herufi moja tu ya maandishi ya urithi ikikosewa, aghlabu pale panapohusu sehemu ya 12 ya protini hiyo, taa haizimiki tena. Chembe hugawanyika pasipo kutumwa. Katika kila wagonjwa 10 wa saratani ya kongosho iliyo ya kawaida, wapatao 9 huonekana na kosa hilo.

Nalo si kosa la jana. Mwaka 2010 wataalamu wa Baltimore, Marekani, walikadiria kwamba tangu kosa la kwanza mpaka kuzaliwa chembe ya saratani yenyewe hupita miaka 10 au zaidi, na mingine kama 5 kabla ya kuweza kutapakaa mwilini. Sahani ya wali ya mwezi uliopita yawezaje kushitakiwa?

Wenye kushitakiwa kwa haki wapo. Wa kwanza ni sigara, na hapa najua nawaudhi baadhi ya wazee wangu waliokaa mstari wa mbele. Kisha ulevi uliozidi, unene, na kisukari cha muda mrefu. Wengine huugua bila ya lolote katika hayo.

Dawa ya kuizuia KRAS ilitafutwa miaka mingi. Mwaka 2021 Marekani iliruhusu ya kwanza, sotorasib, lakini kwa saratani ya mapafu. Aina ya kosa inayolizuia ni adimu katika kongosho. Tegemeo la kupona lingali operesheni, kwa mgonjwa aliyewahi. Tena macho ya manjano huweza kuwa mawe ya nyongo au homa ya ini, ambayo yana matibabu. Kwa hiyo mgonjwa apelekwe hospitali Rumonge siku ile ile, asipitishwe kwanza kwa mganga wa kutapisha.

Mjane niliyemtaja yungali hai, na wako ambao hawajamwomba radhi.