Kanisa la Mazun: Wakristo wa Kale wa Pwani ya Omani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Maskati)

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu tuliojaaliwa kuwa nao, ami na shangazi zangu, ndugu na watoto mliofika kutoka Unguja, Mombasa, Dubai, Kigoma, Bujumbura, London na Toronto: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Na wale miongoni mwetu wanaosali kwa njia nyingine, nawaamkia kwa neno la Kisiryani, shlama. Maana yake ni amani, na ni neno lililosikika katika bandari za nchi hii zamani mno, kama nitakavyoeleza.

Kamati iliniomba niseme juu ya asili ya ukoo. Jambo hilo limekwisha elezwa vizuri katika vijitabu vyetu vya nyuma, na mimi sina la kuongeza juu ya jahazi lililompeleka babu yetu Unguja. Nimechagua jambo lililo jirani nalo. Katika mikutano yetu nimesikia mara nyingi ikisemwa, na wazee na vijana, kwamba Ukristo ni dini ya Wazungu iliyoshuka melini pamoja na bendera na kodi ya kichwa. Kwa Unguja na bara maneno hayo yana sehemu ya ukweli. Kwa Omani hayana. Katika nchi hii tuliyokaa leo palikuwa na askofu zaidi ya miaka 170 kabla Augustine hajafika Canterbury, mwaka 597, kuwahubiria Waingereza. Miaka yote nitakayoitaja ni ya Miladia.

Ushahidi umo katika orodha ya mahudhurio. Mimi nimetumika katika masjala ya wizara kwa miaka ishirini na sita, na nawaambieni kwamba kumbukumbu za mkutano zina ukavu wake, na kwa ukavu huo huaminika: hakuna karani anayeandika jina la aliyehudhuria ili kumpendeza msomaji. Mwaka 424 maaskofu wa Kanisa la Mashariki walikutana mahali palipoitwa Markabta ya Waarabu, katika dola ya Waajemi. Miongoni mwa majina ya waliokuwapo limo la Yohannan, askofu wa Mazun. Mazun ni jina ambalo Waajemi waliliita Omani walipoitawala pwani yake, na wataalamu huelekeza kiti cha askofu huyo Sohar, iliyokuwa bandari kuu. Baada yake twamkuta David katika mkutano wa mwaka 544, Samuel katika ule wa 576, na Stephen katika ule wa 676. Ukitazama miaka hiyo utaona kwamba kati ya jina la kwanza na la mwisho pana miaka 252. Sisi tunajiita ukoo wa zamani wa Unguja kwa chini ya hapo.

Walifikaje? Habari tunazozisikia zaidi za kuenea kwa kanisa la kwanza zinaelekea magharibi: kutoka Yerusalemu hadi Antiokia, na kutoka hapo kwa safari za Paulo hadi Efeso, Korintho na Roma. Barua zake zimo katika Agano Jipya, kwa hiyo njia hiyo inajulikana na kila mtoto wa shule ya Jumapili. Lakini ilikuwapo njia nyingine ya kwenda mashariki, na lugha yake ilikuwa Kisiryani, tawi la Kiaramu alichosema Yesu na jamaa ya karibu ya Kiarabu. Ilipita Edessa, mji ambao leo ni Urfa huko Uturuki, ikateremka na mto Tigri hadi mji mkuu wa Waajemi, ambao Waarabu waliuita al-Madain, si mbali na ilipo Baghdad. Wengine hawakwenda kwa hiari. Katika karne ya tatu mfalme Shapur wa Kwanza aliteka watu wa Antiokia akawahamishia Uajemi, na miongoni mwa mateka walikuwamo Wakristo. Hivyo vita vya wafalme vilifanya kazi ambayo wahubiri peke yao wasingeiweza kwa muda mfupi namna ile.

Kisha ikaja dhiki. Mfalme wa Roma, Constantine, alipoupa Ukristo himaya yake, Wakristo wa Uajemi walianza kutazamwa kama majasusi wa adui. Kuanzia miaka ya 340 Shapur wa Pili aliwaua wengi, maaskofu na watu wa kawaida. Haukupatikana utulivu mpaka mwaka 410, Yazdgerd wa Kwanza alipowaruhusu maaskofu wakutane na kupanga mambo yao. Na katika mkutano ule wa 424, ambao Yohannan wetu aliuhudhuria, walikata shauri kwamba mkuu wao hatashtakiwa mbele ya mapatriaki wa magharibi. Naliona shauri hilo kuwa la busara kubwa. Walitaka mfalme wao ajue kwamba wao ni raia wake, na kwamba sala yao haimtumikii mfalme mwingine. Watu waliohama nchi wanaielewa haja hiyo bila kufundishwa.

Kutoka al-Madain hadi Ghuba ni safari ya maji. Wafanyabiashara wa lulu, tende na viungo walikwenda na dini yao, na nyuma yao wakaja watawa waliotaka upweke wa visiwa. Magofu yao yapo. Katika kisiwa cha Sir Bani Yas, huko Abu Dhabi, nyumba ya watawa iligunduliwa mwaka 1992: kanisa katikati, vyumba pembeni, na vipande vya plasta vilivyonakshiwa misalaba na mizabibu. Mwaka 2022 ikatangazwa nyingine katika kisiwa cha Siniyah, Umm al-Quwain. Mwaka 2024 ikatangazwa ya Samahij, Bahareni, chini ya kilima palipojengwa baadaye msikiti. Na Samahij inatajwa katika kumbukumbu za maaskofu tangu ule mkutano wa 410. Kuwaiti ipo katika kisiwa cha Failaka, na Uajemi katika kisiwa cha Kharg. Ukiviunganisha visiwa hivyo kwa kalamu juu ya ramani, umechora njia ya jahazi ile ile ambayo mababu zetu waliifuata kwenda Basra kununua tende.

Palikuwa na njia ya kusini pia. Karibu na mwaka 356 mfalme Constantius wa Pili alimtuma Theophilus, aliyeitwa Mhindi, kwa mfalme wa Himyar katika Yemeni. Inasimuliwa kwamba yalijengwa makanisa matatu: Zafar, Aden, na katika soko la Waajemi kwenye mlango wa Ghuba. (Zafar hiyo ni mji wa Yemeni. Wajomba wa Salalah wasijivune, Dhofar yao ni nyingine.) Wakati huohuo, ng'ambo ya Bahari ya Shamu, mfalme Ezana wa Aksum alikuwa ameingia Ukristo kwa mkono wa Frumentius, akatia msalaba katika sarafu zake. Kwa hiyo Afrika ilikuwa na mfalme Mkristo karne nyingi kabla ya Mreno wa kwanza kulizunguka Rasi. Na Sokotra, ambayo mabaharia wetu waliijua kama kituo cha maji, ilikuwa na Wakristo na mapadri waliotoka Uajemi katika karne ya sita. Waliendelea kuwapo hata Francis Xavier akawakuta mwaka 1542.

Sasa nifike kwenye sehemu inayotuhusu zaidi. Karibu na mwaka 630 Amr bin al-As aliwasili Omani na barua ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwa Jayfar na Abd, wana wa Julanda, nao wakaukubali Uislamu. Jambo hilo tunalijua na tunalionea fahari. Tusilolitafakari ni yaliyowapata jirani zao wa kanisani. Patriaki Ishoyahb wa Tatu, aliyeongoza Kanisa la Mashariki tangu 649 hadi 659, alimwandikia Simeon, mkuu wa kanisa la Fars ambaye Mazun ilikuwa chini yake, akimlaumu kwamba watu wake wameiacha imani bila upanga wala moto, kwa kutaka tu kuiokoa nusu ya mali yao. Na katika barua hiyohiyo akakiri kwamba Waarabu hawaupigi vita Ukristo. Wanawaheshimu mapadri, na wanayasaidia makanisa na nyumba za watawa.

Naisoma barua hiyo kwa tahadhari. Kwanza, jina la watu hao limeandikwa kwa namna ambayo wengine huisoma Marw, ingawa wataalamu wengi hukubali kwamba ni Mazun. Kila aliyewahi kufanya kazi ya masjala anajua nukta moja inavyoweza kuhamisha mtu wilaya. Pili, Ishoyahb na Simeon walikuwa na ugomvi juu ya nani amtii nani, na mkubwa anapomwandikia mdogo anayemkaidi humtwisha makosa ya jimbo zima. Tatu, siamini kwamba watu huacha dini ya baba zao kwa hesabu ya mali peke yake. Sisi Waislamu twaamini kwamba waliitikia wito wa haki, na wito huo uliwajia kwa lugha yao, kutoka kwa jamaa zao, ukimtaja Ibrahimu, Musa na Isa ambao walikwisha kuwajua.

Lakini zingatieni tarehe. Stephen, askofu wa Mazun, alihudhuria mkutano wa kisiwa cha Darin mwaka 676. Hiyo ni miaka arubaini na sita hivi baada ya Amr bin al-As. Askofu hawi bila waumini. Kwa muda wa vizazi viwili, basi, katika pwani hii palikuwa na nyumba ambamo shangazi alikwenda kanisani na mtoto wa nduguye akaenda msikitini, wakala sahani moja. Kanisa la Mazun halikuteketezwa. Lilipungua nyumba kwa nyumba, na waliotoka ndani yake hawakwenda kokote: walibaki papa hapa, wakazaa, na wajukuu wao wakawa Waomani kama wengine. Nani kati yetu anaweza kuapa kwamba hatoki katika hao?

Sisemi kwamba siku zote mambo yalikuwa shwari. Katika karne ya tisa Wakristo wa Sokotra walivunja ahadi wakamuua liwali wa Imamu al-Salt bin Malik, naye akapeleka merikebu za vita. Hata hivyo, katika wasia aliowapa makamanda wake aliwatenga waliovunja ahadi na wasioivunja. Na mwaka 1844, mmishonari Krapf alipotaka kwenda Mombasa, Sayyid Said bin Sultan ndiye aliyempa barua ya kuwataka maliwali wamtendee wema. Katika miaka ya 1970 Sultan Qaboos alitoa ardhi ya makanisa huko Ruwi. Humo leo husali, pamoja na wengine, Wahindi wa Kerala, ambao kanisa lao lilipata ibada yake kutoka Uajemi kwa njia ya bahari hii. Baadhi ya sala zao bado zina Kisiryani. Lugha ya Yohannan wa Mazun imerudi Omani na wauguzi na mafundi, na wengi wetu tunapita nje ya ukuta ule kila siku tukitafuta pa kuegesha gari.

Ndugu zangu, katika mti wa ukoo uliochapishwa katika kijitabu chetu cha kwanza lipo jina la bibi yetu wa Ujiji, binti wa babu aliyefuata biashara hadi ziwani. Aliolewa na karani wa reli huko Kigoma, Mkatoliki, akabatizwa. Jina lake limeandikwa. Chini yake pako peupe, wakati dada zake wamejaziwa watoto, wajukuu na vitukuu hadi ukingo wa karatasi.

Nimezisikia sababu. Imesemwa kwamba sheria ya mirathi haiwaunganishi watu wa dini mbili. Ni kweli, na sina neno juu ya sheria. Lakini mti wa ukoo haugawi shamba, wala hakuna aliyeomba shamba. Imesemwa pia kwamba mti wetu ni wa Waislamu. Basi tuanze juu. Pale juu kabisa, kwa wino wa dhahabu, tumemwandika Malik bin Fahm, aliyewaleta Azd Omani. Malik bin Fahm aliishi karne kadhaa kabla ya Uislamu. Na waandishi wa sira, waliojua nasaba kuliko sisi, walimwandika Waraqa bin Nawfal, binamu wa Bibi Khadija, wakasema wazi kwamba alikuwa Mkristo. Hawakuacha peupe.

Watoto wa bibi walikuwa sita. Wajukuu zake wanne wamo ukumbini humu, safu ya tatu, na ni mara yao ya kwanza kukaa nasi. Wameniletea karatasi yenye majina, miaka ya kuzaliwa na miji wanayoishi. Katibu ameniambia kwamba orodha ya kijitabu kipya itafungwa kesho baada ya chakula cha mchana. Mwenye pingamizi namwomba alitoe hapa, mbele ya wajukuu wa bibi, wala asilingojee jikoni. Karatasi yenyewe hii hapa, namkabidhi Katibu.