Sauti Iliyokosa Mwenyewe

Juma hili siasa zipumzike kidogo. Nataka kuzungumzia spika mbili ndogo zilizo juu ya meza yangu ya kazi, na jinsi nilivyomdhulumu mtu kwa sababu yake.

Spika hizo nilizinunua Kariakoo kwa fedha yangu mwenyewe, pamoja na amplifaya isiyozidi ukubwa wa kitabu. Nikaziunga usiku, peke yangu, waya nikiumenya kwa meno. Asubuhi nikaketi kusikiliza mahojiano ambayo kijana wetu mmoja wa mitambo alinirekodia, na bibi mmoja aliyekuwa mkunga zamani. Nikashangaa. Sauti ya bibi ilikuwa nyembamba, haina kifua, na wala haikutoka mahali. Ilizagaa chumba kizima kama sauti isiyo na mwenyewe. Nikaamua kwamba rekodi imeharibiwa. Nilimkaripia kijana yule mbele ya wenzake, kisha nikamwandikia barua mkuu wa idara. Kijana alinyamaza. Angesema nini, na mimi ni mkubwa wake?

Siku ya tatu akaja kunitembelea fundi wa redio, mzee niliyefahamiana naye tangu enzi za kaseti. Hakusikiliza hata dakika moja. Aligeuza spika ya kulia, akatazama mgongoni mwake, akacheka. "Mwanangu," akasema, "hii umeivika kanzu nje ndani."

Kila spika ina vishikio viwili vya waya, chekundu na cheusi, na amplifaya nayo ina vyake. Chekundu hupelekwa kwenye chekundu, cheusi kwenye cheusi. Mimi upande mmoja nilikuwa nimevikutanisha kinyume. Basi ile karatasi ya mviringo inayotikisika usoni pa spika, ya kushoto ilikuwa ikisukuma hewa mbele wakati ya kulia ikiivuta nyuma. Moja inajenga, nyingine inabomoa. Sauti nene ndizo zinazoumia zaidi, na mtu aliyepaswa kusikika katikati hutoweka. Ajabu ni kwamba ningekosea zote mbili, nisingeona tofauti, kwa kuwa zingekwenda pamoja.

Mzee alinionyesha jinsi ya kuhakikisha. Chomoa spika kwenye amplifaya, chukua betri ndogo ya voti 1.5, gusisha chanya kwenye waya wa chekundu na hasi kwenye wa cheusi, nukta moja tu. Karatasi itaruka kidogo. Ikiwa zote mbili zinaruka upande mmoja, umepona. Asiye na betri afungulie taarifa ya habari, akae katikati: msomaji asikike kama ameketi mbele yake, baina ya spika mbili.

Waya nao una mambo yake. Wapo wauzaji watakaokuambia bila waya wa bei ya mbuzi hutasikia muziki. Kwa meza, msiwasikilize. Waya laini wa shaba wenye nyuzi mbili, wa milimita 1.5 za mraba, kwa mita 2 kwenda na kurudi, ukinzani wake ni kama omu 0.05 tu. Spika yenyewe ina omu 4 au 8. Hilo ni tone katika debe. Linalohitaji uangalifu ni ncha. Menya sentimita moja, sokota nyuzi vizuri, na usiache hata unywele mmoja wa shaba ukagusa kishikio cha jirani, la sivyo amplifaya yaweza kuungua. Na uizime kwanza. Mimi sikuizima usiku ule, Mungu alinistahi.

Wengi hudharau spika ndogo. Katika miaka ya 1970 BBC ilibuni spika iitwayo LS3/5A, yenye kimo cha sentimita 30 hivi, kwa ajili ya magari ya kurekodia nje ya studio, ambamo kubwa hazikuwa na nafasi. Ilipata sifa hasa kwa sauti ya binadamu, na wapo wanaoitafuta hadi leo. Ngoma nzito haiwezi, boksi dogo lina mpaka wake. Lakini mtu akisema, utamjua.

Sharti ziwekwe vizuri, maana meza si rafiki wa spika. Sauti hugonga ubao, ikarudi ikiwa imechelewa kidogo, ikachafua ile iliyokuja moja kwa moja. Ndiyo maana nimezisogeza za kwangu hadi ukingo wa mbele, nikaziinua kwa vitabu viwili viwili (kamusi zimepata kazi) mpaka ile spika ya sauti nyembamba ikawa sawa na masikio yangu. Kati yao ni mita moja, na kutoka kila moja hadi kichwani pangu ni mita moja. Zilipokuwa kwenye pembe ya ukuta, besi ilivimba hata kila mtu akawa na sauti ya sheikh mnene.

Baada ya mzee kugeuza ule waya, niliifungulia tena rekodi ya bibi. Alikuwepo mezani pangu, hata kikohozi chake, hata kiti chake kikilia. Hakuna kilichokuwa kimeharibika.

Nilikwenda kuomba barua yangu irudishwe. Nikaambiwa ikishaingia jaladani haitoki. Nikaandika ya pili, ikawekwa juu yake. Kisha nikamtafuta kijana, nikamwomba radhi pale pale nilipomkaripia, mbele ya wale wale. Akatazama chini, akasema, "Yameisha, kaka."

Mahojiano ya bibi tutayaleta Jumapili, kama kijana alivyoyarekodi.