Binti Mfalme na Nyumba ya Baba Yake

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa niaba ya kamati siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi)



Tumepewa dakika chache, nasi tumechagua kuzungumzia katuni. Tunasikia wengine wanacheka. Chekeni, lakini mnajua wenyewe kwamba tunapokaa hapa kuhesabu hisa, watoto nyumbani wamekaa mbele ya televisheni wanamtazama binti mfalme. Bibi zetu wa Kibosho na Marangu walitusimulia hadithi tukiota moto jikoni, na walijua wanatufundisha nini. Siku hizi msimulizi mkubwa yuko Marekani. Basi ni haki yetu kumwuliza naye anafundisha nini.

Filamu ndefu ya kwanza ya katuni ya Disney, Snow White, ilitoka mwaka 1937. Binti anakimbia kuuawa, anaingia katika nyumba ya watu asiowajua, na mara anashika ufagio na kuosha vyombo vyao. Kisha anakula tunda lenye sumu, analala, anangoja mwanamume apite. Mwaka 1959 akaja Aurora, naye akalala vivyo hivyo. Enzi zile, katika studio hiyo, wanawake wengi waliajiriwa kutia wino na rangi katika michoro ya wanaume. Si ajabu hadithi zikawa hivyo.

Lakini inayotuhusu hasa sisi watu wa vihamba ni Cinderella, ya mwaka 1950. Kila mtu anakumbuka kiatu cha kioo. Sisi tunawaomba mkumbuke nyumba. Ile nyumba ilikuwa ya baba yake! Baba kafariki, mama wa kambo kashika funguo, mtoto wa marehemu kapelekwa kulala darini na kuwapikia wenzake. Na filamu nzima hakuna anayeuliza, si mjumbe, si mzee wa ukoo, si binti mwenyewe: jamani, mali ya marehemu iko wapi? Dawa anayopewa ni kuolewa, ahamie kwa mume.

(Mama wa kambo nao wanaonewa mno katika filamu hizi. Tunao humu ndani waliosomesha watoto wa wenzao mpaka chuo, wala hawana kioo cha kuongea nacho.)

Hadithi hiyo tunaijua, kutoka Machame hadi Rombo. Mtoto wa kike anaambiwa kihamba ni cha kaka yako, wewe kwako ni kwa mumeo. Akifiwa na mume, shemeji naye anamwambia kihamba ni cha ukoo. Sasa kwake ni wapi?

Mambo yalianza kubadilika polepole. Ariel wa mwaka 1989 anatamani kuona dunia, lakini anatoa sauti yake ili apate miguu, na hapo hatukubaliani naye hata kidogo. Belle wa 1991 anapenda vitabu. Mulan wa 1998 anakwenda vitani badala ya baba yake mgonjwa. Katika Frozen ya 2013, ambayo mmoja wa waongozaji wake wawili ni mwanamke, Jennifer Lee, tendo linalovunja uchawi ni la dada kumwokoa dada, wala si busu la mchumba. Na Moana wa 2016 anaandaliwa kurithi uongozi wa baba yake, wala hakuna mjomba anayesimama kupinga.

Mwenzetu hasa, hata hivyo, ni Tiana wa mwaka 2009, binti mfalme wa kwanza mweusi wa Disney. Ni mhudumu wa mgahawa, anafanya kazi mchana na usiku, bakshishi anazitia katika makopo apate kufungua mgahawa wake. Fedha inapotimia, wenye jengo wanamwambia kuna mtu ametoa zaidi, na ya kwamba mwanamke wa hali yake ni afadhali abaki alipo. Akina mama wa Mbuyuni na Kiboriloni, maneno hayo ni mageni kwenu? Tiana hakukata tamaa, na mgahawa aliufungua. Kasoro tunaziona mbili. Ya kwanza, binti huyo mweusi wamemgeuza chura karibu filamu nzima. Ya pili, alikuwa akiweka peke yake. Angekuwa na kikundi na sanduku la makufuli matatu, ile tofauti ya bei angeikopa wiki ileile.

Na hapa kwetu sheria imeitangulia katuni. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, Mwanza, chini ya Jaji Mwalusanya, ilimpa haki Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeachiwa shamba na baba yake kwa wosia, akaliuza, jamaa wa ukoo akapinga. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo ikatamka kwamba mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Urithi wa kimila bado una mivutano, ndiyo maana tunasema wosia uandikwe mapema, mtu akiwa mzima.

Watoto wetu sasa wanaye pia Akili, wa katuni ya Akili and Me inayotengenezwa na Ubongo wa Dar es Salaam. Ana miaka minne, anaishi chini ya mlima wetu huu, anajifunza kuhesabu na kusoma herufi. Ni jirani kabisa! Akikua atataka kujua kihamba cha kwao kimeandikwa jina la nani.

Kwa hiyo kamati ina pendekezo. Katika daftari la wanachama kuna safu ya mrithi wa hisa. Leo, baada ya chai, daftari litakuwa mezani kwa katibu. Kila mmoja apitie safu yake, na mwenye kutaka kuongeza jina la binti yake, kalamu ipo.