Kabla ya Kuagiza, Ulizia Cheti

Labda uko Kericho mjini, Litein, Sotik au Bomet. Umeshapeleka majani chai kituoni, njaa inauma, unaingia hotelini. Unataka ugali, sukuma na nyama, na maziwa ya mursik kando. Kabla ya kuagiza, ulizia cheti.

Wanaopika na kuhudumu hotelini wanatakiwa kupimwa afya kila miezi 6, kisha wapewe cheti. Narudia: kila miezi 6. Kwa nini? Kwa sababu mtu anaweza kuwa na viini vya homa ya matumbo mwilini asihisi chochote. Hana homa. Anacheka na wateja. Lakini akitoka chooni bila kunawa kwa sabuni, kisha ashike chapati yako, anaweza kukuambukiza. Kumtazama usoni hakutoshi. Lazima apimwe.

Basi uliza kwa heshima: "Mama, vyeti vya afya viko wapi?" Mwenye hoteli anayejali wateja wake hachukizwi na swali hilo. Ukionyeshwa, soma tarehe. Cheti kilichopitwa na wakati si cheti.

Ukikosa jibu, kula kwingine. Kisha mweleze afisa wa afya ya umma wa eneo lako, au uulizie katika kituo cha afya kilicho karibu. Taja hoteli na mahali ilipo.

Nawe mwenye hoteli, tafadhali: mfanyakazi mpya asiguse sufuria kabla ya kupimwa, hata siku ya soko wateja wakiwa wamejaa hadi mlangoni.